Betri kwenye buti, harusi ya Munigi, na fyuzi ambayo baba mkwe hakuitaka

Wakuu, amani kwenu kutoka Goma.

Humu huwa nasoma tu na kupita. Lakini kuna mtu aliuliza kama kuhamishia betri nyuma kwenye buti ni salama, nikaona nieleze yaliyotukuta sisi. Siongezi chumvi.

Gari yenyewe ni Carina ya zamani. Ilikuwa ya baba mkwe wangu, muzee aliyeendesha barabara ya Rutshuru mpaka magoti yakamkatalia. Alitupatia mimi na mke wangu, Furaha. Mimi nauza jibini ya Masisi, Furaha anafunga sola kwenye nyumba za watu hapa Mabanga.

Injini yake ikafa. Tuliyoweka badala yake ni kubwa kidogo, na boksi la chujio la hewa likakaa palepale pa betri. Betri ikabidi ihamie nyuma.

Sasa wakuu, hapo waya zinakuwa habari nyingine.

Betri ikiwa mbele, waya mnene wa stata ni mfupi tu. Ikiwa nyuma, waya huo unapita gari zima chini ya miguu ya abiria, na una moto wa betri hata ukizima swichi. Ukichubuka ukagusa bodi, unaweza kuwasha gari nzima.

Kwa hiyo Furaha alitaka fyuzi kubwa, na ikae karibu kabisa na betri, mwanzoni mwa waya. Huku tunaiita fizibo.

Muzee hakutaka kuisikia. Alikuwa anakuja asubuhi na kigoda chake kutusimamia, na kwake fyuzi ni kitu cha redio. Alisema itakatika siku moja itulaze njiani, na watu watacheka gari yake. (Bado anasema gari yake. Tumezoea.)

Lakini msimuone mbaya. Waya wa masi, ule wa kurudi kwenye bodi, ni yeye aliyeufunga. Alipiga magoti yale yale mabovu, akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, akasema masi ikikaa juu ya rangi ni kama huna betri. Na betri aliifunga kwa mkanda wa chuma, haitingishiki hata kidogo.

Kwenye fyuzi tu ndiyo wakagongana. Furaha akamwambia kwa upole:

"Papa, bila fizibo hii gari haitoke hapa."

Mimi nikatazama chini. Kwetu mutoto hamwambii baba yake hivyo. Muzee akaomba chai. Fyuzi ikawekwa.

Safari ya kwanza ilikuwa harusi ya mtoto wa dada yake muzee, huko Munigi. Mimi naendesha, muzee mbele pembeni yangu, Furaha nyuma na mama yake. Mama alivaa kitenge kipya, na jibini ya zawadi ameipakata kama mtoto mchanga.

Barabara mnaijua, mawe ya volkano. Gari ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Tulipomaliza kupanda kilima, tukasikia harufu ya mpira unaoungua, kishindo kidogo nyuma, na gari ikazima kabisa.

Furaha akafungua buti. Fyuzi imekatika.

Muzee alisema alishatuambia. Akataka tuunganishe waya moja kwa moja, bila fyuzi, tuwahi kanisa. Na mimi, kusema kweli, nilishaanza kutafuta spana.

Furaha akakataa. Alisema fyuzi haikatiki bure, kwanza tujue imekatwa na nini. Akamshusha mama yake, akainua kapeti, akaufuata waya mpaka mbele, kwenye tundu la kuingilia upande wa injini. Tulikuwa tumelizungushia kipande cha mpira wa tairi ya ndani. Mitetemo ilikuwa imeuchomoa, na makali ya bati yameula waya mpaka shaba inaonekana, bati limebabuka jeusi.

Muzee akainama akatazama. Akarudisha macho nyuma, akiufuata waya taratibu, mpaka kwenye kiti cha mama.

"Mama yako alikuwa ameweka miguu hapa juu," akasema.

"Ndiyo, papa."

Furaha hakuongeza neno. Nilimpenda sana dakika ile, wakuu, kwa kutoongeza neno.

Tulivisha waya bomba la kumwagilia maji tuliloomba kwa jirani mmoja pale. Furaha alikuwa na fyuzi ya akiba mkobani, zile za kazi yake ya sola. Muzee alimshikia tochi ya simu mpaka akamaliza.

Tukakuta maharusi wameshatoka kanisani, lakini chakula bado. Jibini ilifika salama.

Wakati wa kurudi, nilikuta muzee amesimama anashikilia mlango wa mbele.

"Furaha, ukae hapa. Mimi nakaa na mama yako."

Kumbe kwenye gari ile hakuna mtu aliyewahi kumuona muzee akikaa nyuma. Akakaa, goti kwa goti na mama, wakacheka njia nzima mambo ya ujana wao.

Nilichojifunza: fyuzi iwe jirani na betri, na kila tundu la bati lipate mpira wake halisi, siyo wa kubahatisha kama wetu. Na fyuzi ikikatika, usiiruke. Tafuta sababu.

Mliowahi kuhamisha betri, nyinyi mlipitisha waya wapi? Leteni na picha. Muzee amenunua miwani, anataka kusoma majibu mwenyewe.