Siku Niliyomfokea Baba Mkwe Uwanjani

Siku yangu ya kwanza kazini, ukumbi wa Manassas huku Amerika, nilipewa mopu, si raketi. Ninyi mnaofundisha badminton siku hizi mjue hivyo. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Meneja wa ukumbi alinionyesha sakafu: "Tone moja likibaki hapa, mtu anavunja goti." Nikapangusa. Wachezaji wakikosa mtu wa nne wananiita, naweka mopu pembeni, naingia na viatu vyangu vya kanisani. Ndivyo nilivyojifunza.

Baadaye nikahamishiwa ukumbi wa Wheaton. Kocha Mkuu wa huko alikuwa Mtanzania wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka hata akikutukana unasema asante. Alitafuta jozi moja, mwanamume na mwanamke, wafundishe mchezo wa wawili-wawili. Akasema, "Mama Kerubo, lete mwenzako. Mkiwafunga wanafunzi wangu wawili wa College Park, kazi yenu. Mkishindwa, rudi kwenye mopu." Na mimi ile mopu nilikuwa nimeichoka hadi naiota!

Mwanamume nitoe wapi? Mume wangu hata kukimbilia basi hawezi, namsema akiwa hapa hapa anasikia. Aliyejua mchezo ni baba yake. Mzee alikuwa ametunza klabu ya Waingereza wa majani chai kule Kericho, akawa anacheza nao na kuwafunga. Alikuja kututembelea Amerika akabaki. Nikamtuma mume wangu amwombe, mzee akakubali.

Sasa ngojeni. Sisi Wakisii, mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono. Hapiti karibu naye. Na wawili-wawili ni kupishana kama sindano za kufuma: mkishambulia, mmoja mbele kwenye neti, mwingine nyuma, mkishambuliwa, mnasimama sambamba. Kinyoya, kile kidude cha manyoya ya bata tunachopiga, kikija katikati lazima mmoja aite, "Changu!" Mwingine atoke.

Siku ya jaribio kikaja katikati. Mimi nikarudi nyuma kwa heshima. Mzee naye akarudi nyuma kwa heshima. Kikaanguka, pwa! Kikaja tena, tena tukapishana. Wamama wa kanisani walikuja kutushangilia. Wakashika tama kama wako matangani. Kocha Mkuu akaita kutoka kwenye benchi, "Mama Kerubo, unacheza ama unampisha mgeni sebuleni?"

Tulikuwa na kumi, wale watoto kumi na tatu, mchezo unaishia kumi na tano. Kinyoya kikapanda juu, kikaja kwa mzee, lakini upande wake mbaya. Mimi nilikuwa mahali pazuri. Nikaiona ile mopu akilini. Nikafungua mdomo:

"Baba, toka! Changu!"

Woi! Nikamkumba na bega, nikaruka, nikakipiga chini hadi kijana mmoja wa College Park akaruka kukikwepa. Mama mmoja akasema, "Yesu!" Nikaganda. Mzee akajishika mbavu, akanitazama, kisha akanguruma, "Sasa unangoja nini? Kaa mbele! Nyuma ni kwangu!"

Basi tukawaka! "Changu!" "Wacha!" "Rudi!" Jasho, kelele, mzee wa miaka hamsini na nane anateleza kama kijana. Kumi na tano kwa kumi na tatu. Mkono hatukupeana, hapana, tuligonganisha raketi.

Nimefundisha hadi magoti yakakataa. Nimestaafu juzi tu. Raketi nimefunga nyuzi hadi vidole vikaota sugu, na bado nikipita karibu na ukumbi moyo unadunda. Watu huniuliza kama sikuona aibu. Niliona! Jioni ile nilipika ugali, nikamtuma mume wangu ampelekee baba yake. Mimi nikajificha jikoni.

Lakini asubuhi yake tulikuwa na darasa la kwanza. Wanafunzi kumi na wawili wamejipanga, mzee kando yangu, hatua tatu kamili. Akakohoa, akaniambia taratibu, "Anza wewe, mwalimu."

Nikawafundisha kupiga kelele.