Kamba ya Mashine ya Mzenga

Wifi yangu Biubwa si mtu wa maneno. Mwenye maneno ni mimi, Mzenga nzima inajua, na ndiyo maana habari zake naziandika mimi. Yeye ukimsalimia anaitikia, ukimtania anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye kazi yake, na kazi hazijawahi kumwisha. Tulipohamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne, mlango wa nyumba yao ya zamani aliubeba yeye kichwani, kwa kuwa kaka yangu alikuwa anaumwa mgongo. Mgongo huo unamuuma mpaka leo, hasa wakati wa palizi.

Kijiji kilipopata mashine ya kusaga, Biubwa ndiye aliyepewa kufagia na kupanga foleni. Jengo lilikuwa moja: mbele duka la ushirika, nyuma mashine, katikati ukuta wenye mlango. Injini ya dizeli ilikaa pembeni, ikizungusha kinu kwa mkanda mrefu. Mkanda huo ulipita wazi, pa! pa! pa! kutwa nzima, na sisi tumesimama kando yake na ndoo zetu za makopa ya muhogo.

Fundi aliyeifunga, mtu wa Dar es Salaam, alizungusha kamba chumba chote, usawa wa kiuno. Akatukusanya, akatuonyesha. Mtu yeyote akiivuta, popote aliposimama, mafuta yanakatika na injini inazimika. Akasema kamba hiyo isifungwe, isifunikwe, isitundikwe kitu, na kila asubuhi ivutwe kuijaribu kabla ya kazi kuanza. Tukaitikia, "Ndiyo, fundi." Akapanda lori, akaenda zake.

Sasa wanawake wa kwetu mnatujua. Huwezi kuingia mashineni na kanga mbili, ukatoka umekuwa mweupe kama mzuka. Ya juu unaivua, unaitundika. Na mle ndani kulikuwa na nini cha kutundikia? Kamba, tena imenyooka vizuri. Alitundika mmoja, akatundika mwingine, mwenzao akaongeza kapu, injini ikasema pu... pu... kimya. Kitwana, mwendesha mashine, anazungusha hendeli upya, jasho linamtoka, anatutukana sisi na bibi zetu waliokwisha kufa.

Kamati ikakaa. Badala ya kutupigia misumari ukutani, ikaamua kamba ipandishwe juu, ifungwe kwenye boriti. Aliyeuliza ni Biubwa peke yake.

"Na mtu akinaswa?"

"Bi Biubwa," akasema mwenyekiti Mwinshehe, "kwani wewe umeona nani amenaswa?"

Alikuwa hajaona. Kamba ilipopanda juu, pa kutundika pakakosekana, kanga tukabaki nazo mwilini. Siku moja Swaumu, jirani yetu, aliinama kuokota kifuniko cha ndoo yake, pindo la kanga likashikwa na mkanda. Biubwa alirukia magunia, akanyoosha mikono, wapi! Kamba iko darini. Kitwana alikuwa dukani anapiga soga. Mpaka anafika kuizima injini, mkono wa Swaumu umevunjika. Akapelekwa hospitali Kisarawe juu ya lori la mkaa, analia njia nzima.

Biubwa akaenda kwa kamati: shusheni kamba. Wakamwambia fundi akija. Fundi atakuja na nini? Wakati huo petroli ilikuwa ya kuota usingizini. Dizeli nayo ikakatika, mashine ikalala, tukarudi kwenye vinu vyetu vya mikono.

Dizeli ikapatikana ndani ya Ramadhani. Tulijaa pale tangu adhuhuri, midomo imekauka, kila mtu anataka unga wa futari. Kitwana akashika hendeli. Biubwa akaenda akaketi mbele ya injini, juu ya debe.

"Mama, inuka niwashe."

"Shusha kamba kwanza."

"Ruhusa ninayo mimi?"

"Basi mwite mwenye ruhusa."

Kelele zikaanza. Mwanaasha, ambaye hata akiwa hajafunga ana hasira, akapiga makofi. "Haya jamani, leo tunafuturu ukaidi wa mke wa mtu!"

Nikaona hii ni aibu ya ukoo. Nikasogea. "Wifi, makopa yangu yanakungoja wewe. Kaka yangu akikosa uji utampa nini?"

"Mpe wewe. Si ndugu yako?"

Watu waliangua kicheko, nami nikarudi kwenye foleni yangu.

Mwinshehe akaja, kofia imekaa upande.

"Shikamoo, mwenyekiti," Biubwa akasema, bado ameketi.

"Marahaba. Unagoma, Bi Biubwa? Mwezi huu mtukufu?"

"Sigomi. Nimechoka."

"Nani hajachoka? Wote tumefunga."

"Sijachoka kwa saumu, mwenyekiti. Nimechoka kukodolea macho mapindo ya watu. Nikifagia nageuka, nikipanga foleni nageuka. Nikilala nausikia mkono wa Swaumu unavyovunjika. Shusheni kamba na mimi nipumzike."

Mwinshehe akakuna shingo.

"Tukishusha, hawa wanawake wenzako watatundika tena."

"Wapigiwe misumari."

"Misumari!" Muuza duka alicheka kule kule nyuma ya meza yake. "Sabuni yenyewe sina, sembuse misumari!"

"Basi kanga wavulie nje," akasema Kitwana. "Waziweke kwenye uzio."

"Uzio gani?" Mwanaasha alimrukia. "Kanga siku hizi zinapatikana? Niiache uzioni, nikitoka niikute kijiji cha Soga imevaliwa na mtu mwingine? Nani atailinda?"

Wakatazamana. Hakuna aliyesema yeye. Jua lilikuwa linateremka, na makopa yetu mazima vile vile.

Biubwa akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Leteni. Nitazishika mimi."

Mwinshehe akampa Kitwana ishara. Kitwana akapanda magunia, akafungua fundo kwa meno, kamba ikashuka. Wakaifunga kwenye pete zake za zamani. Injini ikawashwa, Biubwa akaivuta kamba, ikazimika. Kitwana akasonya, akawasha tena.

Tukaingia mmoja mmoja, kila aingiaye anavua ya juu na kumtupia. Begani zikajaa, mkononi zikajaa, za kisutu, nyekundu, zilizofubaa, zote zinanuka jasho la mfungo. Alisimama mlangoni na mzigo ule bila kuegemea popote, makopa yake mwenyewe yakiwa ya mwisho kwenye foleni.

Zamu yangu ilipofika nilitaka kumwambia neno. Nikatazama uso wake, nikaliacha. Nikakunja kanga yangu vizuri, nikamwekea juu ya zile nyingine.

"Usichelewe, wifi," akasema. "Zina joto."