Ukweni Ilula na Chumvi Isiyonifaa

Safari hii ilikuwa ya marehemu kaka yangu, niliifanya kwa niaba yake. Mwanawe Lugano, niliyemlea tangu akiwa darasa la pili, alipata mchumba Ilula, mbele ya mji wa Iringa ukielekea Dar es Salaam. Wakwe wakatupangia Jumamosi ya kwenda kujitambulisha. Kwa upande wetu shangazi ndiye mkubwa, na shangazi aliyebaki ni mimi, Tumpe, fundi cherehani wa Uyole, Mbeya.

Tatizo lilikuwa shingo yangu. Nina rovu la miaka mingi, uvimbe ambao wanawake wengi wa rika langu huku milimani waliupata utotoni kwa kukosa madini joto kwenye chakula. Kwa muda mrefu halikunidai kitu zaidi ya kujishonea kola ndefu. Mwaka jana mambo yakabadilika. Moyo ulianza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu, mikono ikatetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano, nikawa nakula sana na kukonda. Daktari wa Mbeya alinieleza kwamba tezi langu lilizoea njaa, na sasa kila likipata madini joto linapagawa na kufanya kazi kupita kiasi. Akanipangia matibabu Dar es Salaam, dawa ya kumeza ya madini joto yenye mionzi, inayokwenda kukaa kwenye tezi lenyewe. Ili dawa ipokelewe, tezi lifike huko likiwa na njaa. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa kabla nisiguse chumvi ya madini joto, samaki wa baharini, maziwa, mayai, wala mkate wa dukani.

"Ukikosea watakurudisha," alisema, "na foleni utaianza upya. Moyo wako sijui kama utasubiri."

Siku ya ukweni ikaangukia katikati ya wiki hizo.

Uyole tuliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya utafiti. Tulikuwa watatu: mimi, Lugano, na mshenga wetu baba Tusa, mtu mwenye maneno laini na koti moja la shughuli zote. Kwenye kikapu nilikuwa na viazi vya kuchemsha, maharage bila chumvi, na ndizi. Nilikuwa pia na kichupa kidogo alichonipa nesi wa kliniki, maji yake ni yale wanayotumia kupimia chumvi madukani. Unadondosha tone juu ya chumvi. Ikibaki nyeupe, haina madini joto. Ikigeuka zambarau, inayo. Nesi alinikanya kwamba kinapima chumvi kavu tu. Chakula kikishaiva, kichupa hakina msaada.

Tulipofika Igawa basi lilisimama, wauzaji wakajaa madirishani. Wa mahindi ya kuchoma alikuwa na kipande cha limao kilichokwisha kuchovywa kwenye chumvi na pilipili, anakipitisha juu ya hindi kabla hujasema kitu. Wa mayai alikunja chumvi kwenye vipande vya karatasi. Mama mmoja wa Kisukuma, mmoja wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu, alinyanyua kidumu cha maziwa mgando.

"Mayu, nunua maziwa," aliniita kwa neno la kwao la mama.

"Daktari amenikataza, mama. Nisile chochote chenye madini ya chumvi ile ya pakiti."

Alinishangaa. "Sasa maziwa yana chumvi gani? Ng'ombe wangu anakula majani!"

Hata mimi nilishangaa nilipoambiwa. Nilimwelewesha nilivyoweza, kwamba ng'ombe naye hulamba na hula vitu vyenye madini hayo, nayo hupita kwenye maziwa. Hakuniamini. Basi lilipoondoka nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba watu wa Mbeya siku hizi wana maringo.

Makambako tuliteremka kula. Lugano na baba Tusa waliagiza wali na nyama. Mimi nilikwenda dirishani kwa mpishi.

"Wali umetia chumvi?"

"Kidogo tu, mama."

"Na maharage?"

"Hayo kidogo kabisa."

Ndugu msomaji mwenye shida kama yangu, hilo ndilo jibu utakalolipata kila mahali. Ukiuliza chumvi, mpishi anadhani unalalamikia ladha au unaogopa presha, naye anakutuliza. Nikajifunza kubadili swali. Sikuuliza tena kama kuna chumvi. Niliuliza kipi hakijawekwa kitu bado. Mpishi akanionyesha ndizi mbichi alizokuwa anamenya na parachichi kwenye beseni. Akanichemshia ndizi kwenye maji matupu. Nilikula nikiwa nimesimama jikoni, na nilishiba.

Iringa tulifika jua likipungua, tukalala Ipogolo, chini ya mlima wa mji. Baba Tusa alipiga simu Ilula mara ya pili kukumbusha habari ya chakula changu. "Wamesema tusiwe na wasiwasi," alinipa jibu. "Mama wa binti atakupikia chungu chako peke yake. Amenunua chumvi ya mawe, ile ya mnadani, isiyo na dawa."

Nilishukuru. Hata hivyo usingizi haukuja haraka.

Ilula asubuhi ile ilikuwa nyekundu kwa nyanya. Matenga yamepangwa pande zote za barabara, wanawake wanazipanga nyanya kwenye ndoo ili zile nzuri zikae juu. Nyumbani kwa wakwe tulipokewa na salamu nyingi za Kihehe, "kamwene, kamwene", na viti vya plastiki vilivyofutwa vizuri. Binti mwenyewe, Neema, alipiga goti, akatusalimia, akatoweka. Baba yake ni mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri. Mama Neema ni mwanamke mnene wa kucheka upesi. Karibu naye alikaa dada wa baba, shangazi Wema, mrefu, kanga imezungushwa hadi kidevuni, na kwa kumtazama tu nilijua kwamba kwa upande wao mwenye neno ni yeye.

Baba Tusa alifanya kazi yake vizuri. Mazungumzo yalipokwisha, chakula kikaja. Mbele ya wengine wakaweka wali, ugali, kuku wa mchuzi na mboga. Mbele yangu mama Neema mwenyewe akaweka bakuli lenye mfuniko.

"Hiki chako, mama. Sikumwachia mtu. Nimetia ile chumvi ya mawe tu."

Bakuli lilinukia vizuri mno. Wote walikuwa wananingoja mimi mgeni nianze. Nikaomba, kwa sauti ndogo niwezavyo, niletewe punje chache za ile chumvi.

Mama Neema hakuelewa, lakini alileta kwenye kisosi. Nikatoa kichupa kwenye mkoba, nikadondosha tone moja. Punje zikageuka zambarau.

Nadhani muuzaji wa mnadani alikuwa ameichanganya na chumvi ya pakiti. Sijui. Ninachojua ni kwamba mama Neema aliacha kucheka. Shangazi Wema akaweka chini kijiko chake.

"Huku kwetu," alisema polepole, "mtu akipima chakula cha mwenyeji, amekwisha sema. Ametuita wachawi. Mmekuja kuoa kwa wachawi?"

Lugano aliinamisha kichwa. Baba Tusa alianza, "Wazee wangu, hapa kuna..." lakini Wema alimnyooshea kiganja. Mzee wa kanisa alitazama mlango.

Niliona ndoa ya mtoto inaondoka. Niliona pia kwamba nikila ili kuiokoa, naweza kuirudisha safari yangu ya Dar es Salaam mwanzo. Sikuwa na maneno mazuri. Nilifungua vifungo vya kola yangu, kimoja kimoja, nikawaonyesha shingo. Sikuwa nimefanya hivyo mbele ya wanaume tangu ujana.

"Si sumu ninayoitafuta," nikasema. "Chumvi hii ni nzuri kwenu. Kwangu inauchochea moyo. Mama Neema hana kosa, ameuziwa. Mimi ndiye mgonjwa."

Wema akaishusha kanga yake. Shingoni alikuwa na kovu la kisu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, limenyooka kama mshono.

"Lako hawajalitoa?" aliuliza.

"Hawajalitoa. Wanataka kulikausha kwa dawa."

"Mimi walinikata. Na mdogo wangu alizaa mtoto asiyesikia wala kusema, daktari akatwambia ni haya haya madini yalikosekana. Ndiyo maana nikisikia mtu anaitukana chumvi ya pakiti, napandwa na hasira."

"Siitukani, dada."

"Nimesikia." Aliinuka. "Neema! Ule mguu wa mbuzi uliobaki jikoni umeutia chumvi?"

"Bado, shangazi."

"Ubanike hivyo hivyo. Na songa ugali mwingine mdogo."

Ugali huku hauwekwi chumvi, nyama mbichi haina kitu, nyanya za Ilula na limao zikafanya kachumbari. Wema alivuta kiti akala nami sahani moja, nyama isiyo na chumvi, akikunja uso kila tonge. "Hii adhabu," alisema, na mama Neema akacheka tena. Tukakubaliwa.

Jumapili asubuhi tulikuwa stendi ya Ilula tukingoja basi la kurudi Mbeya. Nilikuwa nimejifunga mtandio shingoni. Nilisogea kwa muuza nyanya, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, nikamwomba anifungie ndoo moja. Alipokuwa akifunga akaniambia, kwa nia njema kabisa:

"Mama, nyumbani mnatumia chumvi ya pakiti? Acheni. Jana kuna mgeni kapima kwa mzee wa kanisa, ikageuka rangi ya zambarau. Sumu ile. Ndiyo inayoleta rovu. Mimi yangu nimemwaga asubuhi hii."

Basi lilikuwa linaingia. Baba Tusa alishaweka mkono kwenye mlango. Mimi nilisimama na ndoo ya nyanya, nikimtazama yule binti na tumbo lake, nikahesabu ni nyumba ngapi zilikuwa zimekwisha sikia tangu jana mchana. Sikuweza kuzihesabu.

"Shangazi, panda," Lugano aliniita.

"Nendeni. Mimi nakuja kesho."

Nilimwambia yule binti kwamba mgeni mwenyewe ndiye mimi, nikamfungulia mtandio. Nilimweleza kwamba ile rangi ndiyo dalili ya chumvi nzuri, kwamba rovu langu lilikuja kwa kuikosa nilipokuwa mdogo, na kwamba mimba yake inaihitaji kuliko mtu yeyote pale. Alinitazama kwa mashaka.

"Sasa wewe mbona huili?"

"Kwa sababu mimi nimeharibika tayari. Wewe bado."

Sikuridhika na jibu lile, lakini ndilo lililokuja. Nikampigia simu shangazi Wema. Alifika akiwa amevaa nguo za ibada, amekasirika, na hasira ile haikuwa kwangu. Tukaenda kanisani pamoja. Mzee wa kanisa alituombea nafasi baada ya matangazo.

Sijawahi kusema mbele ya watu wengi kiasi kile. Tulisimama mbele, mimi na rovu langu, Wema na kovu lake, shingo wazi. Wema alisema kwa Kihehe, mimi nikasema kwa Kiswahili. Nilisema machache: daktari amenikataza chumvi hii kwa muda, mimi Tumpe, kwa ugonjwa wangu, ambaye hajakatazwa na daktari aendelee kuila. Mzee mmoja wa kwaya akauliza, "Kwa hiyo sisi na wewe hatuwezi kula chungu kimoja?"

"Kwa sasa hatuwezi, baba. Na chenu msikibadilishe kwa ajili yangu."

Watu walicheka kidogo, na ibada ikaendelea. Sikujua kama wameelewa.

Jumatatu nilirudi peke yangu. Mafinga palikuwa na mvua nyembamba juu ya misonobari. Makambako yule mpishi alinikumbuka, akachemsha ndizi kabla sijauliza. Uyole nilifika giza likiingia, nikakuta Lugano ameniwashia moto.

Dar es Salaam walinipokea kwa tarehe yangu. Walipima, wakaridhika, nikameza dawa, nikakaa peke yangu siku walizoniamuru, ili mionzi isimfikie mtu. Mikono sasa imetulia. Ninapitisha uzi mara moja.

Niliyoyajifunza si mengi. Usiulize kama kuna chumvi, uliza kilichobaki kitupu. Usiogope kuingia jikoni kwa watu, lakini eleza ugonjwa wako kabla hujatoa kichupa, usingoje chakula kifike mezani kama nilivyongoja mimi. Na ukishapima, usiondoke kabla hujawaeleza waliokuona kwamba jibu lile linakuhusu wewe mgonjwa, si wao.

Wema alinipigia wiki iliyopita kuhusu maandalizi ya harusi. Mwishoni akasema, kama kitu kidogo, kwamba yule muuza nyanya amejifungua mtoto wa kike. Walimpigia makofi nyuma ya kichwa, wakimjaribu kama anasikia.

"Akageuka?" niliuliza.

"Akageuka," alisema Wema, "akalia kwa hasira."