Kumtafuta Mdogo Wangu Kwenye Waranti

Siku niliyolikuta jina la mdogo wangu miongoni mwa watu wanaotafutwa na polisi, nilipiga vigelegele ndani ya maktaba. Mlinzi akaja mbio. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba nimempata ndugu yangu, naye akatabasamu, akaninyooshea kidole gumba na kurudi mlangoni. Angejua nimempata wapi, asingetabasamu vile.

Ninaishi Garland, Texas, ndani ya kaunti ya Dallas, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, na kimoja nilikuwa sikifungui. Kilikuwa chake. Tulifika pamoja kutoka kambi ya wakimbizi, sisi wawili tu tuliobaki kwa mama yetu, na baadaye yeye akapata kazi ya ghala upande wa Houston, akahama. Mimi ninahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Ninawaogesha, ninawalisha, ninazungumza nao mchana kutwa, na hakuna hata mmoja anayelikumbuka jina langu kesho yake. Jioni narudi nyumbani na kuisalimia friji. Sisemi hivi ili nihurumiwe, maana huruma inanikera. Nasema ili ieleweke kwamba mdogo wangu alikuwa ndiye mtu pekee katika nchi hii anayejua nilivyokuwa kabla sijawa mtu wa kuvaa beji.

Na tuna siku moja ya kuzaliwa, mimi na yeye, ingawa nimempita miaka mingi. Karani aliyetuandikisha kambini hakuwa na subira. Nilimweleza kwamba mdogo wangu alizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe, akaandika tarehe moja Januari. Akaniuliza mimi, na kabla sijajibu akaandika tarehe moja Januari. Jirani yetu naye akapewa hiyo hiyo. Tulipofika Texas tukaligeuza kuwa utani wetu. Kila mwaka mpya, anayeamka kwanza anampigia mwenzake simu na kumwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa sauti mbaya kuliko zote. Aliyeamka kwanza alikuwa yeye kila mara, mpumbavu yule, hata akiwa ametoka zamu.

Kisha akapotea. Nilikuwa nimemwambia kwa furaha kwamba nimetuma maombi ya uraia. Akasema ni vizuri, akaaga. Baada ya hapo simu zikawa fupi, zikawa haba, na siku moja sauti ya mashine ikaniambia namba hiyo haitumiki. Nilipokwenda kula kiapo nilikaa katikati ya familia zilizojaa safu nzima, watoto wamevalishwa suti. Mimi nilikuwa na mkoba wangu tu kwenye kiti cha pili. Mtu nisiyemjua alinipiga picha kwa simu yangu, na kichwa changu amekikata. Ninayo mpaka leo.

Nilijifariji kwamba mwaka mpya atapiga. Namba yangu sikuibadilisha, na wimbo wetu hawezi kuusahau. Tarehe moja Januari niliweka simu mezani, nikapika maharagwe, nikakaa. Maharagwe yakaungua. Simu haikulia. Hapo ndipo niliposema kwa sauti, peke yangu jikoni, kwamba huenda amekufa.

Nilipiga simu kwa wachungaji wa huko Houston, wakasema amehama na kanisani haonekani tena. Nilipiga hospitali, zikaniuliza namba ambazo sina. Mwishoni nilimweleza mwanamke mmoja Mkenya tunayesali naye, anayefanya kazi ofisini kwa wakili. Alinisikiliza, kisha akauliza polepole, "Auntie, usikasirike, lakini ume-check kama ako jela?"

Nilikasirika. Nilimwambia sisi si watu wa jela. Nikakaa na hasira yangu siku kadhaa, nikaona hainiletei ndugu, nikamrudia.

Jumamosi tulikutana maktabani. "Kwanza tuna-check jela, halafu tuna-search warrants, zile order za kushika mtu," akasema. "Ni public record, mtu yeyote anaruhusiwa. Unaingia kwa website ya sheriff ama ya korti ya hiyo county. Zile zingine zinakuitisha pesa uachane nazo, ni za kukula watu. Na ukumbuke korti za city ziko na zao, hazionekani kwa za county." Alinionyesha visanduku: jina la ukoo, jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa. La ukoo likatutesa, maana kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mimi na ndugu yangu hatushiriki hata moja. Tulijaribu majina yake kwa kila mpangilio.

Tukaanza na kaunti ya Harris, maana kwangu Houston ni Harris. Jibu likaja: hakuna kumbukumbu iliyopatikana. Nilishusha pumzi, nikamshukuru Mungu. Mara nyingine nikatafuta kwa tarehe na jina moja tu, wakatokea watu wengine, na wawili watatu kati yao walikuwa wamezaliwa tarehe moja Januari. Niliwatambua mara moja, ingawa sijawahi kuwaona. Nao walikaa mbele ya meza ya karani asiye na subira. Nilijikuta nawaza nani anawatafuta hao.

Nikawa nakwenda peke yangu kila Jumamosi. Na jambo likageuka moyoni mwangu bila kuniomba ruhusa. Mwanzoni nilikuwa naomba nisimwone humo. Baadaye nikaanza kuomba nimwone. Mtu aliye kwenye waranti ni mtu anayetembea mahali fulani, amekula kitu asubuhi, ana viatu. Mtu asiyeonekana popote nilishamjua alivyo, tulizika wengi wa namna hiyo. Kila mara nilibonyeza, na kila mara nikaambiwa hakuna kumbukumbu, na kila mara niliiona nyumba yangu inazidi kuwa kubwa.

Ni yule Mkenya aliyeniuliza siku moja baada ya ibada, "Kwani alikuwa anaishi Houston wapi exactly?"

"Missouri City."

"Ai, Auntie! Hiyo mostly iko Fort Bend, si Harris. Umekuwa uki-search county ya wenyewe!"

Jumamosi iliyofuata nikaingia kaunti ya Fort Bend, na jina lake likatokea. Jina, tarehe moja Januari, mwaka wake. Kosa: kuendesha gari bila bima, kisha kutofika mahakamani. Hali ya kesi: waranti imetolewa. Chini yake kulikuwa na mambo ya kesi yaliyoandikwa kwa tarehe, na kuna mstari uliosema kwamba mwezi wa Januari, baada ya mwaka mpya, mshtakiwa alifika mwenyewe dirishani akaomba apangiwe siku nyingine. Alifika mwenyewe. Kwa miguu yake. Maharagwe yangu yalipoungua alikuwa hai. Hapo ndipo nilipopiga vigelegele.

Mkenya alinionya: "Yeye asiende hapo kortini bila lawyer, wanaweza kumshika pale pale. Lakini wewe enda tu, hauna shida." Nikaomba siku ya mapumziko, nikaendesha gari mpaka huko. Karani wa mahakama aliniuliza namba ya kesi, hakuniuliza mimi ni nani. Alinichapishia karatasi. Juu yake kulikuwa na anwani ambayo sikuijua.

Nikaifuata anwani ile mpaka kwenye nyumba za kupanga, nikakaa kwenye ngazi za jengo lile mchana mzima. Watu walinipita wakasema "hi" bila kusimama. Jua lilipoanza kulegea, mdogo wangu alikuja na mfuko wake wa chakula, amekonda, nywele hazijakatwa. Aliponiona hakunikimbilia. Alirudi nyuma hatua moja.

"Yaya," akasema. Ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. "Yaya, rudi kwako. Usisimame na mimi hapa inje, batakuona."

"Nani ataniona?"

"Serikali. Niko na mandat, ile karatasi ya kunishika. Kama banajua tuko famille moja, batasimamisha dossier yako ya uraia. Unasahau ile famille ya block yetu? Valise zao zilikuwa ku mlango."

Sikuwa nimesahau. Kambini familia nzima ilikuwa kesi moja, na kosa la mmoja lilikuwa la wote. Majirani zetu walikuwa wamefunga masanduku, wamegawa vyungu vyao, na mtoto wao mmoja akatuhumiwa kupigana. Wote wakaondolewa kwenye safari ya kuja Marekani, bibi, vitoto, wote. Mama yao alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba vyungu vyake arudishiwe. Mdogo wangu aliyaona hayo akiwa kijana, nami sikujua kwamba ameyabeba mpaka Texas. Aliposimamishwa na polisi barabarani, na mimi nikamwambia nimetuma maombi, alifanya hesabu ya kambini. Akajitoa kwenye kesi yangu. Akabadilisha namba, akahama, akaacha kanisa ambako watu wanajua sisi ni wa tumbo moja. Siku aliyokwenda dirishani waliomba vitambulisho, akaogopa kwamba wataliona jina langu mahali fulani, hakurudi tena.

Nilimtukana. Nilimwita kila jina ambalo mama angemwita. Kisha nikamwambia, "Mjinga wewe, nilishaapa. Mimi ni raia tangu mwaka jana. Nilikaa pale na mkoba wangu."

Aliketi kwenye ngazi kama mtu aliyetua gunia. Muda wote ule alikuwa analinda mlango ambao nilikwisha kuupita, na hakukuwa na namna ya kumwambia, maana namna ya kuulinda ilikuwa ni kunikimbia. Tulilia bila aibu, na wapita njia hawakusema hata "hi".

Mambo ya mahakama yaliisha baadaye, kwa wakili na kwa hakimu mwenye haraka zake, na waranti ikafutwa. Chumba cha pili sasa nakifungua. Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ile ngazini, nilipomuuliza aliwezaje kukaa muda wote huo bila kujua kama mimi ni mzima.

Akatoa simu yake. Ilikuwa kwenye ukurasa wa waranti wa kaunti ya Dallas. Jina langu lilikuwa limeshakaa kwenye kisanduku, na tarehe moja Januari.

"Kila samedi minaangalia," akasema. "Kama hauko ndani, minashukuru Mungu, minalala."

Akabonyeza ili nione. Maneno yakatokea: hakuna kumbukumbu iliyopatikana. Akatabasamu na kunielekezea simu, kama mtu anayeleta habari njema. Ni maneno yale yale niliyokuwa nikiyasoma mimi maktabani Garland, Jumamosi hizo hizo, nikidhani nimebaki peke yangu duniani.