Kioo cha Upande wa Dereva

Nilikuwaga na tabia moja ambayo mwenyewe niliiita ufundi. Pale Gongo la Mboto ninapoosha magari, barabara ya mtaa ni ya vumbi. Gari likishakauka, kabla mwenyewe hajalichukua, vumbi limeshatua upya kwenye vioo. Basi mie nalifuata na kitambaa kikavu, nazungusha mkono mpaka ving'ae. Wateja wanafurahi. Kwamba vumbi lile lina mchanga, sikuwaza. Na sufuria nimesugua kwa mchanga tangu utotoni!

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mama mmoja, muuguzi mwenye miwani, amebakiza kidogo astaafu. Gari aliachiwa na marehemu mumewe, na kila Jumamosi analeta. Kioo cha upande wake nilikuwa nakifuta mara mbili, kwa mapenzi tu.

Jumamosi moja nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo lioshe vizuri, Jumatatu shemeji yangu analichukua."

"Umemuuzia?"

"Nampa tu. Macho yangu yamekwisha. Asubuhi nikienda kazini, jua likipanda, huku kulia naona ukungu mtupu. Juzi nimemkosakosa mwenye pikipiki. Nimeuguza watu maisha yangu yote, nisije nikampeleka mtu wodini mwenyewe."

Aliongea huku anapapasa usukani, nikaona ameshaanza kuuaga.

Lakini kuna kitu hakikuniingia akilini. Mama huyu huyu ndiye anayeniitaga, "Wewe, njoo, umeacha tone la lami hapa," tone lenyewe dogo kuliko punje ya ulezi. Macho gani yanakufa kulia tu? Aliposhuka nikakaa kwenye kiti chake. Jua lilikuwa linapiga kioo. Kilikuwa kimejaa mikwaruzo myembamba kama nywele, mamia, yote imezunguka vilevile mkono wangu unavyozunguka.

Mwenzangu wa kazi akachungulia, akaelewa. "Nyamaza, sista," akaninong'oneza. "Gari linaondoka, na mikwaruzo inaondoka nalo."

Nilijaza ndoo nzima nikiliwaza hilo. Kisha nikamfuata mama kwenye benchi.

"Mama, si macho. Ni mie."

Nikamweleza yote. "Miezi mitatu natia dawa ya macho," akasema. "Inawasha hiyo!"

Mwenzangu, kwa kujikosha, akaleta dawa ya meno, eti inatoa mikwaruzo. Tulisugua weee, kioo kikabaki na ukungu ule ule, ila sasa kinanukia vizuri.

Mchana mie na mama tukaenda Kurasini kwa fundi wa vioo vya malori. Akapitisha kucha juu ya mikwaruzo. "Kucha haikwami. Inatoka." Akachanganya unga wa kung'arishia na maji mpaka ukawa kama uji, akafunga kitambaa kizito kwenye drili, akaanza kusugua. Nikamwomba nishike chupa ya kunyunyizia maji, maana alisema kioo kikikauka kinapata moto na kupasuka, na drili haitakiwi kutulia sehemu moja. Huku nanyunyiza, nilishajiona nina banda langu la vioo, lina feni na kochi la wateja.

"Wewe! Maji!" fundi akafoka.

Mkwaruzo mmoja, karibu na pembe, ulikamata kucha. Akauacha. "Huu nikiuchimba kioo kitaingia bonde. Utaona barabara inacheza."

Kurudi, mama aliendesha, mie pembeni yake. Tulipokata kushika barabara ya Pugu, jua la alasiri likatupiga kulia moja kwa moja. Nikabana mikono magotini.

"Yule muuza machungwa huku kulia," mama akasema, "kanga yake ina mpasuko."

Nikageuka. Mie sikuuona mpasuko wowote mpaka tulipomkaribia kabisa.

Akaegesha pembeni, akapiga simu.

"Shemeji, Jumatatu usije... Hapana, siumwi. Macho hayana neno. Nilikuwa naoshewa gari na mtu mwenye mapenzi mengi na maji machache."

Upande wa pili nikasikia shemeji anauliza vipi tena, mbona ameshamwambia dereva wake aje. Mama akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Basi mwambie apumzike," akasema. "Mie Jumatatu nina zamu ya asubuhi."