Siku Niliyoazima Mume wa Kwenda Naye Kliniki

Aibu hii nilitaka niende nayo kaburini, lakini kwa kuwa waliishuhudia wanawake kama arobaini, na nusu yao wananunua madera dukani kwangu hapa hapa Kariakoo, bora mnisikie mimi mwenyewe kabla haijawafikia imetiwa chumvi.

Nilikuwa na mimba ya wiki kumi na nne na mume wangu Sudi hajui. (Msinitazame hivyo, subirini kwanza.) Mbili za mwanzo zilitoka zikiwa changa, na ya pili ilipotoka, Sudi, ambaye anauza viatu vya mitumba pale Mchikichini na kutwa nzima mdomo wake haupumziki, alikaa siku tatu hasemi neno. Juu ya hapo akaja shangazi yake kutupa pole, akatuachia na maneno, eti damu zetu hazipatani, mwili wangu unamkataa mtoto wao. Yale maneno yalinikaa. Basi hii ya tatu nikasema naibeba peke yangu mpaka niwe na uhakika, ikitoka nitalia mwenyewe, yeye asiumie tena vile.

Sasa kliniki niliyokwenda wana utaratibu wao, mama akija na mwenza wake anahudumiwa kwanza, na mimi asubuhi ile nilikuwa na wateja wa jumla wanatoka Lindi, nikaona nikikaa foleni nitatoka adhuhuri wameshahamia duka la jirani. Ndipo nikamgeukia Shomari, anayeuza ndoo na mabeseni kwenye kibaraza cha duka langu, nikamwambia nisindikize, kaa kimya, ukiulizwa wewe ndiye mume.

"Dada Hawa, kazi ndogo hiyo," akasema, na akaenda kubadilisha shati kabisa. (Hapo ndipo ningepaswa kurudi nyumbani.)

Tumefika, tukakalishwa benchi la mbele, na nesi, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya upole, akaanza somo la asubuhi. Akatueleza kwamba mwilini mna seli za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na chochote kigeni, na mtoto nusu yake ni ya baba, kwa hiyo kwa mwili wa mama ni mgeni. Mimi nikaacha kupumua. Akaendelea, "Lakini zipo seli nyingine za kinga, kazi yake ni kuzituliza hizo zenye fujo. Mama akishika mimba zinaongezeka, zinakaa karibu na mtoto, na zinaijua hata ile nusu ya baba. Ndizo zinazosema, huyu mwacheni, ni wetu." Halafu akatazama huku na huku akitafuta mfano, macho yakatua kwetu. "Baba mwenye shati la maua, hebu simameni na mama hapa mbele."

Shomari akasimama kama bwana harusi, akanishika bega!

"Hii ni mimba ya ngapi, baba?"

"Ya kwanza, sista, na tumefurahi sana!"

Nesi akatazama kadi yangu, ambamo mimba ilishaandikwa kuwa ni ya tatu, akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Wanawake wakaanza kuguna. Nesi, bila ubaya wowote, akasema basi tutayaongea ndani, twendeni mkapimwe damu wote wawili, na Shomari kusikia kupimwa damu akautoa mkono begani kwangu.

"Sista, mimi sipo humo! Mimi nauza ndoo! Mume wake yuko Mchikichini, nampigia sasa hivi!"

Na akampigia kweli, tena kwa sauti kubwa ya spika, na kabla sijamnyang'anya simu akawa ameshasema, "Sudi, mkeo yuko huku kliniki ya wajawazito, njoo mwenyewe, mimi nimeshindwa." Ukumbi mzima ulikuwa umeangua kicheko, lakini upande wa pili wa simu kukawa kimya kiasi kwamba na wao wakanyamaza mmoja mmoja. Mwisho tukamsikia anauliza taratibu, "Hawa, ina muda gani?"

"Wiki kumi na nne."

"Usitoke hapo."

Alifika anahema, amekuja mbio kwa miguu, kashika kiatu kimoja cha mteja hata hajui kama anacho. Nesi akatuingiza chumbani, akamrudia somo lote mwanzo mpaka mwisho, na Sudi akauliza lile nililoogopa kuliuliza mimi, "Kwa hiyo damu zetu hazigombani?" Nesi akasema za mwanzo hawezi kutuambia zilitokaje, mara nyingi sababu haijulikani, na ya mbele pia hawezi kutuahidi, lakini mwili wangu haumchukii mtu, na hivi tunavyoongea una seli zinazohangaika kumpokea mtoto wa Sudi. Nililia pale kitini mbele ya Sudi bila hata kujificha.

Tukiwa tunatoka nikamwomba msamaha kwa habari ya Shomari. Hiyo hata haikumgusa.

"Na kama ingetoka," akaniuliza, "ungelia na nani, na muuza ndoo?"

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka, maana niliona macho yake. Nilidhani namkinga, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango nje ya nyumba yake mwenyewe.

Wateja wa Lindi waliondoka, na Shomari mpaka leo Kariakoo nzima inamwita shemeji. Mimi nimeapa sitaazima mume tena, na habari yoyote ya tumbo hili, iwe njema iwe mbaya, Sudi ndiye wa kwanza kuisikia. Juzi mchana mtoto kacheza kwa mara ya kwanza, dukani kuna wateja watatu wanagombania dera moja, nikawaacha hapo hapo nikampigia, na alipopokea tu nikaanza na "ni habari njema", kwa sababu nilisikia ameacha kupumua.