Farasi Jike Aliyelala Mchana

Mke wangu alipompenda farasi, nilianza kusoma habari za farasi kama wanaume wengine wanavyosoma simu za wake zao. Kila Jumamosi alitoka nyumbani kwetu Kicukiro kwenda kwenye zizi moja ng'ambo ya Kanombe, akajitolee kumsugua farasi jike mzee mwenye rangi ya chai ya maziwa. Mimi mwenye shahada mbili na kitambi sikumbuki nilisuguliwa mgongo lini.

Nilisoma zaidi kuhusu magonjwa. Kwato, meno, mapafu: nilikuwa natafuta kasoro za mpinzani.

Jumamosi moja nikafuatana naye. Tulimkuta farasi amelala bandani, kimya, nyasi zake hazijaguswa.

"Mwangalie alivyoshiba," mke wangu akasema kwa sauti laini ambayo mimi sijaisikia siku nyingi. "Iko napumzika."

Amekulia Uganda kwenye ng'ombe wa baba yake, na kwa watu wa ng'ombe, mnyama aliyelala mchana anacheua, basi mambo ni mazuri. Farasi hacheui. Huyu aligeuza kichwa akautazama ubavu wake, akainuka, akaparura ardhi kwa kwato, akalala tena. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Kinyesi kibichi sikukiona popote.

"Anaumwa tumbo," nikasema. "Linaweza kumuua."

"Profesa, wewe hata mbuzi hujafuga."

"Mfunue mdomo uone fizi."

Zilikuwa zimepauka. Mke wangu hakunitania tena. Alimpigia daktari wa mifugo, naye akasema farasi asipewe chakula, atembezwe polepole mpaka yeye daktari afike. Kamba nikapewa mimi. Nikamzungusha mpinzani wangu uani, mke wangu akitembea upande wa pili, mkono wake juu ya shingo ile.

Daktari akaja, akamchoma sindano, akapitisha mrija puani na kummiminia dawa. Jioni farasi akanya. Mke wangu akapiga makofi, kisha akabandika sikio kwenye tumbo la mnyama.

"Njoo usikie, linanguruma," akasema huku akilia.

Mimi nilipolazwa kwa malaria, aliniletea uji akawahi kazini.

Wakati wa kurudi alinishika goti garini. "Umemwokoa, mzee wangu."

Nilijisikia shujaa mpaka tulipofika Kabeza. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimemrudishia mke wangu mpenzi wake, tena akiwa na afya njema.